Mama Chemsha na Meno ya Evelina

Mimi naitwa Immaculata, lakini hapa Buswelu jina hilo wanalijua wachache. Wengi wananiita Mama Chemsha. Mume wangu, Revocatus, ndiye aliyelianzisha kwa utani, na majirani wakalidaka.

Sikasiriki. Maji ya kunywa kwangu lazima yatokote, kisha yapoe ndani ya ndoo yenye mfuniko. Vijiko vya mgonjwa nachemsha. Chupa za watoto nilikuwa nachemsha. Kipindupindu kilipoingia mtaani, nyumbani kwangu hakuugua mtu hata mmoja. Kwa hiyo waacheni wanicheke.

Ila siku moja kuchemsha huko kuliniponza.

Binti yangu Evelina ana miaka kumi na sita. Tangu utotoni meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana. Akicheka tu, mkono mbio mdomoni. Hata kwenye picha ya Komunyo ya Kwanza amefunika mdomo. Mimi mama yake niliuchukia ule mkono, jamani. Kila ukipanda, moyo uliniuma.

Daktari wa meno akamfunga waya za kuyanyoosha. Alikaa nazo miaka miwili. Mahindi ya kuchoma hakugusa, miwa hakugusa. Siku waya zilipotolewa, meno yalikuwa yamenyooka. Evelina alijitazama kwenye kioo akacheka, na mkono ukabaki chini. Nililia pale pale kliniki, wala sikuona aibu.

Daktari akampa kifaa cha plastiki inayopitisha mwanga, chenye umbo la meno yake. Kinaitwa riteina. Akamweleza namna ya kukivaa na kukitunza. Mimi wakati huo nilikuwa nje, nampigia baba yake simu kumpa habari njema. Maelezo hayo sikuyasikia.

Jumamosi moja Evelina alikuwa uani anakunywa uji. Riteina ilikuwa mezani ndani ya kiboksi chake. Nikakifungua, nikainusa. Mh! Kitu kinashinda mdomoni na kulala mdomoni, halafu kinasuuzwa tu? Watoto wa siku hizi! Nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Baada ya dakika tano nikaitoa, nikaifuta vizuri, nikairudisha kwenye kiboksi. Sikumwambia mtu. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Wiki tatu zikapita. Jumapili baada ya misa tulikuwa tunakula. Revocatus alitusimulia jinsi bata wa jirani alivyomkimbiza mpaka barabarani. Tukacheka wote. Evelina naye akacheka, na mkono ukapanda mdomoni.

Nikaisukuma sahani pembeni.

"Evelina, toa mkono."

"Hamna kitu, mama."

"Toa nione!"

Akautoa. Jino moja la mbele lilikuwa limeanza kumwegemea mwenzake.

"Riteina iko wapi?"

"Iko kwenye boksi. Haiingii, mama. Nimeilazimisha mpaka fizi ikatoka damu."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Mbona hukusema?"

Akaanza kulia. "Nilijua mtanigombeza. Miaka miwili yote, halafu meno yanarudi."

Sikungoja. Nilitoka nikamwita Dorcas, jirani yetu wa nyumba ya pili. Ni muuguzi katika kliniki ya meno. Alikuja mikono ikiwa na unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono, halafu utazame kitu hiki."

Dorcas aliigeuza riteina kwenye mwanga wa dirisha.

"Imepinda," akasema. "Ona hapa pembeni imejikunja. Evelina, uliiacha juani? Au karibu na jiko?"

"Hapana, dada. Naisuuza kwa maji ya bomba, naisugua kwa mswaki laini, naiweka kwenye boksi."

"Plastiki hii haijipindi yenyewe. Imekutana na joto kali. Kumbuka vizuri."

"Haki ya Mungu, dada, sijaiweka kwenye joto!"

Nikaona Dorcas hamwamini. Revocatus naye alikuwa amekunja uso. Mwanangu alikuwa anasimangwa kwa kosa lisilo lake. Mimi ningeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeniona. Lakini nilimtazama Evelina na lile jino lake, nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Niliichemsha."

Revocatus akaanza, "Mama Che..." Nikamkata jicho, akanyamaza.

Dorcas alicheka kidogo, kisha akanishika mkono. "Mama, maji ya kunywa endelea kuchemsha. Hii hapana. Maji ya moto yanaiharibu umbo, na ikipinda haiwezi tena kuyashika meno."

"Lakini meno si yameshanyooka? Yashikwe ya nini?"

"Yamenyooka, ila bado hayajatulia. Fizi na mfupa unaoyabeba havijakaza. Yakiachwa, yanarudi kidogo kidogo yalikotoka. Nguzo ya uzio ukiisimamisha leo, si unaiegemezea mti mpaka udongo ushikane? Na meno ndivyo hivyo."

"Mpaka lini?"

"Daktari ndiye anayepanga. Wengi huvaa usiku na mchana kwa miezi kadhaa. Baadaye huvaa usiku tu, tena kwa miaka mingi. Meno huhama hata kwa mtu mzima."

Evelina akafuta machozi. "Na wakati wa kula?"

"Itoe. Ukinywa chai ya moto, itoe pia. Ukiitoa iende kwenye boksi, usiifunge kwenye karatasi, itatupwa na takataka. Kabla ya kuivaa tena, piga mswaki. Isafishe vile vile unavyoisafisha, kwa maji ya baridi. Na ikikataa kuingia, usiilazimishe. Njoo kliniki haraka. Usikae nayo wiki tatu, mdogo wangu."

Jumatatu asubuhi tulikuwa kliniki. Daktari hajauliza, mimi nikasema, "Niliichemsha mwenyewe." Akatabasamu. Alisema jino limehama kidogo tu. Tungechelewa miezi, huenda waya zingerudi. Alichukua vipimo vipya, akamtengenezea riteina nyingine ya kulirudisha jino taratibu.

Siku za kwanza ilimbana, lakini Evelina alivumilia. Miezi miwili baadaye daktari alimkagua, akasema jino limerudi mahali pake. Nilipiga kigelegele mpaka wagonjwa waliokuwa wanasubiri nje wakachungulia.

Kiboksi sasa kinakaa kabatini, mbali na jiko. Juu yake nimeandika kwa kalamu nene: SI YA KUCHEMSHA. Niliandika mwenyewe, kwa sababu najijua.

Mwezi wa kumi na moja dada yangu alitutumia senene, wale panzi wa kuliwa, kutoka Bukoba. Tulikaa uani tukawatoa mabawa na miguu mpaka sinia likajaa. Evelina akanawa, akakaa, akaweka mikono mapajani. Akanitazama kwa jicho la utundu.

"Mama, na hawa tunawachemsha?"

"Hao ndiyo!" nikasema. "Hao lete sufuria!"

Revocatus alicheka mpaka akaegemea ukuta. Evelina naye akaangua kicheko, kichwa nyuma, meno yote nje. Mimi nikawa naitazama mikono yake.

Ilibaki mapajani.