Maneno ya Bwana Hamisi

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Kasoki alimfunga nyanya yake skafu vizuri shingoni, kisha wakateremka pamoja ngazi za jengo lao la mtaa wa Anderlecht, huko ughaibuni, hadi kituo cha metro. Nyanya huyo, ambaye wajukuu wote walimwita Koko, alikwenda kuimba na akina mama wa parokia. Kasoki, msichana wa miaka kumi na miwili, alikwenda kujifunza Kiingereza kwa Tonton Lucien, yaani Mjomba Lucien, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa.

Tonton Lucien alikijua Kiingereza tangu siku zake za kununua vitenge Kampala na kuvipeleka Butembo. Hakuwa na mwalimu. Aliomba maneno kwa watu sokoni. Naye alifundisha hivyohivyo. Aliandika herufi nne ubaoni, na watoto walikuwa na wiki nzima ya kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote, kwa mpangilio wowote. Ila kila neno lilipaswa kuja na jina la mtu aliyelitoa.

"Bon," alisema siku hiyo, akiandika A, R, S, T. "Tuanze."

"Tonton, star!" alisema Élodie. "Nimeliona kwenye jezi ya kaka yangu."

"Alors, aliyekupa ni nani? Ile jezi?"

Watoto wakacheka, na Élodie mwenyewe akacheka kuliko wote.

Mara hii mchezo ulikuwa na uzito. Wakati wa Pasaka Tonton Lucien angekwenda London kutembelea parokia rafiki, na garini mwake ilibaki nafasi moja. Angeipata mtoto atakayeleta maneno mengi zaidi. Huko London aliishi Graciella, binamu yake Kasoki. Walikuwa wakilala kitanda kimoja kule Goma, kabla familia zao hazijatengana. Kasoki aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Shida yake ilikuwa kuona haya. Jumatatu aliingia katika duka la mikate akiwa amelipanga swali lake kichwani. Muuzaji alimtabasamia, hata akamwongezea andazi dogo bure. Lakini Kasoki alitoka bila kuuliza chochote. Élodie yeye alimfuata mama yake, aliyefanya usafi karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, akawauliza wasafiri bila woga. Wengine walimpita. Wengine waliweka mizigo chini wakafikiri pamoja naye.

Jumatano Kasoki aliketi mbele ya kompyuta ya maktaba. Aliandika zile herufi nne, na maneno yakamiminika: artist, stairs, breakfast, na mengine ambayo hakuwahi kuyasikia. Aliyanakili mpaka vidole vikauma. Sasa aseme amepewa na nani? Akamkumbuka jirani yao wa chini, Bwana Hamisi, Mtanzania aliyesambaza vifurushi kwa gari na kujua Kiingereza.

"Yote amenipa Bwana Hamisi," alimwambia Tonton Lucien Jumamosi.

"Yote? Ouf! Huyo papa ana moyo mukubwa," alisema Tonton, ambaye kila baba alimwita papa.

Hivyo Kasoki akaipata nafasi, na Élodie akawa wa pili. Macho ya Élodie yalilengwa na machozi, lakini alimshika Kasoki mkono. "Umsalimie sana Graciella," alisema. Kasoki hakuweza kumtazama.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifikiria. Kabla ya Pasaka, watu waliotoa maneno walialikwa kula parokiani, na aliyetoa mengi kuliko wote alipewa firigisi ya kuku, ambayo kwao huwekewa mtu wa heshima. Koko alimpika kuku huyo mwenyewe. Tena aliteremka mwenyewe kumwalika Bwana Hamisi, bila kumwambia Kasoki.

Siku ya karamu, Tonton Lucien alisimama. "Ndugu zangu, huyu ndiye papa aliyempa mutoto wetu maneno mengi."

Watu wakapiga makofi. Bwana Hamisi alimtazama Kasoki, akamwona ameinamisha uso.

"Nashukuru kwa kunikaribisha," alisema taratibu. "Ni muda mrefu sijala mezani na watu wengi hivi." Alipoketi, akamwinamia Kasoki na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Binti, nilikupa maneno gani?"

Hakuwa na hasira hata kidogo. Kasoki aliona afadhali angegombezwa. Wakati huo Koko alikuwa anakuja na sahani, ameishika kwa mikono miwili.

"Koko, ngoja!" Kasoki alisimama. "Bwana Hamisi hakunipa hata neno moja. Niliyatoa kwenye kompyuta. Niliona haya kuuliza watu. Élodie ndiye aliyeshinda."

Koko alimtazama mjukuu wake, kisha akaiweka sahani mbele ya mgeni.

"Kula, Papa Hamisi," alisema. "Umemusitiri mutoto wangu, na hukusema uongo. Firigisi ni yako."

Kasoki alimwendea Élodie, akamwomba msamaha. Élodie alisogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa. Tonton Lucien akatangaza kwamba atakayekwenda London ni Élodie.

"Na wewe, Kasoki," alisema, akichuchumaa mbele yake, "nikuambie kwa nini ninadai jina. Nilipofika Kampala sikujua mutu. Kila aliyenipa neno, kesho yake alinisalimia. Maneno hata kompyuta inayo. Mimi nilitaka mupate watu. Ulipodanganya, ulimunyima Élodie haki yake, na wewe mwenyewe ukabaki peke yako na siri. Kusema ukweli mbele ya watu wote ni kazi ngumu kuliko kuuliza neno dukani, na umeiweza. Donc, uliza."

Kasoki alifuta machozi, akamgeukia jirani yake.

"Bwana Hamisi, tafadhali, naomba neno."

Bwana Hamisi aliweka uma chini, akafikiri, na meza nzima ikamsubiri.