Mshiriki wa Saba

Sahani zilikuwa nne.

Nyumba ya watu watatu, mezani sahani nne, na aliyepakua ni mtu mzima mwenye akili zake, tena mwenye digrii moja kabatini na ya pili njiani. Mama Mizani alisimama na upawa mkononi, akaitazama ile ya nne. Wali umepangwa vizuri, maharagwe yamewekwa kando yasiuguse, kama anavyopenda mtu fulani ambaye yeye hamjui.

"Tuna mgeni?" aliuliza mumewe, Fundi, akivuta kiti. Huyu alikuwa fundi umeme, na mdomo wake ulikuwa na shoti nyingi kuliko nyaya zake. "Au umeniolea mke wa pili, unaona haya kuniambia?"

"Kula, mwanamume wewe. Nimechoka tu."

"Soma polepole. Kitabu kikizidi kichwa, kichwa kinapakulia majirani."

Kijino, binti yao wa miaka sita, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mbele alibakiwa na jino moja tu, hakucheka. Aliivuta ile sahani taratibu, akaisogeza mpaka mbele ya kiti kitupu.

"Anakaa huku," alisema.

Hakuna aliyeuliza nani. Ndivyo walivyo watu wazima: mtoto akisema jambo la maana, wao wanamwambia akanawe mikono.

Sasa, huyu Mama Mizani jina lake alilipata kliniki. Miaka tisa alikuwa akipima watoto wa watu, akiandika kilo kwenye kadi, akiwaambia akina mama waongeze mayai na wapunguze soda. Miaka miwili kabla ya sahani hizo, kiti cha mkuu wa kitengo cha lishe kilibaki wazi, na kiti kilitaka mtu mwenye shahada ya uzamili. Basi akajiandikisha kusomea elimu ya lishe kwa mtandao. Chuo chenyewe hakuwahi kukikanyaga. Alikijua kwa skrini: nyuso ishirini na tatu kwenye viboksi, kama mayai kwenye trei, na Profesa juu kabisa, sauti yake ikitangulia midomo.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa hii. Tafuta washiriki saba. Kila mmoja muulize alichokula na kunywa tangu jana saa kama hizi, hadi punje ya karanga. Akisema amemaliza, usimwamini. Muulize tena: na kingine? Na kingine?

"Watu husahau," Profesa aliwaambia. "Msifunge fomu mpaka mtu aishiwe kabisa."

Sita aliwapata. Wa saba, dereva wa lori, aliahidi kwa kiapo halafu akazima simu. Kazi ilitakiwa ifike chuoni Jumapili saa sita mchana, na saa nne u nusu Mama Mizani alikuwa jikoni, laptopu juu ya meza, maziwa ya Kijino jikoni yakichemka, jasho linamtoka. Angemwandikia Profesa kwamba ana sita, angekatwa alama chache, maisha yangeendelea. Lakini msomi na alama ni kama paka na samaki. Akamtunga mtu.

Mwanamume. Miaka arobaini na mbili. Mlinzi. Kilo sitini na moja. Fomu ikakataa kusonga bila anwani, na kwa haraka yake akaandika anwani anayoijua kuliko zote: ya kwake. Hula na nani? Na familia. Mpaka hapo alikuwa mtu mkavu, hana ladha, akaona Profesa atamshtukia. Basi akamtia njaa. Palipoandikwa *hali ya kushiba*, akaandika: *Hashibi. Hula chochote anachopewa, na baada ya kula huwa na njaa zaidi.*

Alipobonyeza kutuma, maziwa yalikuwa yamefurika na kuungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi.

Alama tisini na nne. "Huyu wa saba ana uhai," Profesa alisema mbele ya darasa zima. "Ni kama nimemwona."

Wiki iliyofuata ndiyo ile ya sahani nne.

Kwanza ilikuwa harufu. Harufu ya maziwa yaliyoungua, kwenye mapazia, kwenye mito, ndani ya viatu vya Fundi. Sufuria alishaitupa, jiko alilisugua mpaka mikono ikachubuka, harufu ikabaki palepale kama mpangaji mkaidi. Kisha chakula kikaanza kupoteza nguvu. Kilikuwapo, hakikupungua, ila ukikitia mdomoni ni kama unatafuna karatasi. Fundi alikula sahani mbili, akainuka tumbo linanguruma.

"Mke wangu, hii lishe unayosomea ni ya kutunyima?"

Jumamosi asubuhi, jua limejaa sebuleni, Mama Mizani alikuwa darasani, yaani mezani, amevaa blauzi nzuri juu na khanga chini kama wenzake wote wa mtandaoni. Profesa anaeleza vitamini. Ujumbe ukaingia kutoka kwa Nesi, mwanafunzi mwenzake, waliyezoeana naye bila kuonana.

*Shoga, mwambie shemeji atafune taratibu. Tunamsikia wote.*

Akaandika: *Shemeji gani? Ametoka na Kijino tangu saa mbili.*

Vile vinukta vya mtu anayeandika vilitokea, vikapotea, vikatokea.

*Basi nani huyo amekaa nyuma yako?*

Mama Mizani aliangalia kiboksi chake mwenyewe kwenye skrini. Aliiona sura yake, mlango wa jikoni, kiti kitupu. Akazima kipaza sauti, kisha akasikiliza. Nyumba ilikuwa kimya, kimya kabisa, halafu ndani ya kimya kile, karibu na sikio lake la kushoto, karibu kiasi cha kuhisi joto la pumzi, mtu akameza.

Hakugeuka, maana shingo ilikataa, na alibaki ameikodolea skrini huku nyuso ishirini na mbili zikiacha moja baada ya nyingine kumtazama Profesa na kuanza kutazama kitu kilichokuwa juu kidogo ya bega lake, mpaka Profesa mwenyewe akanyamaza katikati ya sentensi, akasogeza uso kwenye kamera, akasema kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki: "Naona leo umekuja na mshiriki wetu."

Alifunga laptopu kwa kishindo. Kiti nyuma yake kilikuwa kitupu. Ila kilikuwa cha moto.

Angekuwa yeye peke yake anayeliwa, pengine angevumilia mpaka mahafali. Lakini Kijino alianza kukonda. Mtoto alikula, tena alikula kama anashindana na mtu, na kila siku shingo inazidi kuwa ndefu, mbavu zinahesabika, macho yanakua.

"Mwanangu, chakula unakipeleka wapi?"

"Tunakula wote," Kijino alinong'ona. "Nikimaliza ananiuliza, na kingine? Nikisema hakuna, anachukua cha ndani."

"Cha ndani wapi?"

Mtoto akaweka kiganja tumboni, akaangalia pembeni kama anaomba ruhusa ya kuendelea, na ruhusa hakupewa.

Kesho yake Mama Mizani akaenda naye kliniki kabla foleni haijajaa. Akamvua viatu, akamsimamisha kwenye mizani ya sakafuni, mizani aliyoiamini kuliko mtu yeyote duniani, Fundi akiwemo. Kwa macho, mtoto ungesema unambeba kwa mkono mmoja. Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukapita ishirini, ukapita arobaini, ukasimama.

Sabini na tano.

Akamshusha. Mshale ukarudi sifuri. Akampandisha tena. Sabini na tano. Na kwa kuwa ni kazi yake, na kwa kuwa kichwa cha mtu wa hesabu hakijui kunyamaza hata kikiwa kinakufa kwa hofu, kikatoa chenyewe: sabini na tano, toa sitini na moja ya yule, inabaki kumi na nne, na kumi na nne ni kilo za mtoto wa miaka mitatu, si za binti wa miaka sita aliyekuwa na ishirini mwezi uliopita, na wote wawili wako hapa juu ya chuma hiki, mmoja anaonekana.

"Mama," Kijino akasema, "ananikanyaga."

Aliyemwelekeza kwa Mshona Sare ni Fundi, ambaye siku hiyo mzaha wote ulimkauka. Mshona Sare alikuwa mwanamke mnene anayeshona sare za shule chini ya ngazi za jengo la ghorofa, futi ya kupimia shingoni. Watu walijua kwamba akimaliza marinda, huwasikiliza pia wenye mambo yasiyosemeka. Alimtazama Kijino kwa muda mrefu, kisha akatazama hewa iliyokuwa nyuma ya Kijino kwa muda mrefu zaidi, na mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

"Huyu ameitwa," alisema kwa sauti ya chini. "Nani amemwita?"

"Hakuna aliyemwita, shangazi."

"Usinidanganye. Hawa hawana umbo. Wanazurura wakitafuta nguo ya kuvaa. Huyu amevaa nguo iliyokatwa kwa vipimo kamili. Umri anao, uzito anao, na njaa mmemtia. Nani kamshonea?"

Mama Mizani akalia, akasema yote, hadi maziwa.

Mshona Sare hakumkaripia. Aling'oa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka mahali pake. "Dawa yake haipo kwangu. Ubani huyu ataula. Nenda kwa wale uliowadanganya, uwaambie wazi: mtu huyu hayupo, nilimtunga mimi. Wasipomwamini tena, nguo itamvuka."

"Watanifukuza chuo. Na kile kiti…"

"Una mtoto au una kiti?"

"Hakuna njia nyingine? Nikimbadilishia anwani?"

Mwanamke yule akamshika mkono kwa nguvu. "Nisikilize, binti yangu. Mfute. Usimhamishe. Akihama, anahamia kwa mtu."

Walirudi nyumbani. Fundi akambeba Kijino begani, akimwimbia, na kila hatua kumi ikabidi apumzike, maana alikuwa mzito kama mfuko wa saruji.

Mama Mizani alikaa mbele ya laptopu akiwa na nia njema kabisa. Mungu anajua. Aliandika: *Mheshimiwa Profesa, naomba kukiri.* Akasimama. Zilikuwa zimebaki wiki tatu amalize masomo. Miaka miwili ya kuamka alfajiri, likizo zote, mkufu wa harusi uliokwenda kwenye ada, vyote viliingia kwenye sentensi moja. Nyuma yake kiti kililia, *kwii*, kama mtu anayekaa vizuri asubiri.

Akafuta. Akafungua fomu ya ufuatiliaji, ile ambayo mwanafunzi huijaza mshiriki akibadilisha hali. *Mshiriki namba saba amehama.* Amehamia wapi? Hapo alijiona mjanja. Akatunga jina la mtaa palepale, mtaa ambao haupo duniani, akaupa nyumba namba tatu. Mtaa usiokuwepo hauna watoto, alijiambia. Atakula ukuta.

Akatuma.

Harufu ilikatika kama taa. Usiku ule Kijino alikula wali, akashiba, akacheua, Fundi akapiga makofi mpaka jirani akagonga ukuta. Baada ya wiki mtoto alikuwa kilo kumi na tano. Baada ya mwezi, kumi na saba na nusu, na mizani haikusema uongo. Shahada ilifika kwa posta, ikatundikwa sebuleni. Kiti cha mkuu wa kitengo kikapata mwenyewe.

Mshona Sare alikutana nao njiani mara moja tu. Alimtazama Kijino aliyenenepa, akamtazama mama yake, akavuka barabara bila salamu.

Ilikuwa Jumanne, foleni ya kliniki imefika mlangoni. Mkuu wa kitengo alikuwa akipita kusalimia, mikono nyuma, kikuu hasa, ndipo pua yake ikamsimamisha.

Mwanamke kijana alikuwa wa tatu kwenye benchi. Mtoto wa kiume, mwaka mmoja na miezi, amelala kifuani, shingo kama bua. Mama mwenyewe alikuwa ameinama kwa namna ya mtu aliyebeba gunia.

"Daktari, nisaidie," alisema, maana watu wa foleni humwita kila mtu daktari. "Anakula. Wallahi anakula, nakuapia, simnyimi. Mume wangu anasema namnyima."

"Mnakaa wapi?" Mama Mizani aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Zile nyumba mpya za nyuma ya kiwanda. Mtaa wenyewe ulikuwa hauna jina, wamebandika kibao juzi juzi." Akalitaja jina. "Sisi ni namba tatu."

Mtoto alifumbua macho. Hakumwangalia mama yake wala mizani. Aliangalia kando, juu kidogo, kama anayesubiri kuulizwa.

Maneno ya kusema yalikuwapo, yale yale, hayakuzidi kumi, na simu ilikuwa mfukoni. Wangempokonya ile karatasi ya ukutani, wangempokonya kiti, na huyu angecheua kesho. Na kama Mshona Sare alikosea? Kama asipofutika, akarudi tu anwani ya kwanza? Kijino alikuwa shuleni saa ile, ana kilo kumi na nane na robo.

"Nimpandishe?" mwanamke aliuliza, tayari anamfungua mtoto nguo.

"Hapana," alisema Mama Mizani. Aliiinamia mizani, akachomoa mshale, akauweka mfukoni. "Mizani mbovu leo. Rudi mwezi ujao."

"Mwezi ujao? Daktari, mwezi ujao si…"

"Mpe maziwa," alisema, akamwita anayefuata.