Milimita na Wageni Mia Tatu

"Miezi sita tena? Hebu rudia, labda simu ndiyo imekosea."

"Simu haijakosea, mpenzi. Bosi kapata jengo jingine, ghorofa tisa, madirisha yote ya aluminiamu. Anataka nisaini mkataba leo."

Mshonaji alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye gauni la harusi la mwanamke mwingine. Mchumba wake alikuwa fundi wa madirisha, mtu wa vipimo vikali mpaka wenzake wakambatiza Milimita. Alimvisha pete, wakakaa wiki moja tu wakipanga harusi, kisha akaenda mji wa mbali kuitafutia pesa. Huu ulikuwa mwezi wa tano.

"Na mimi je?"

"Si yote haya kwa ajili yako? Unataka harusi ya maana, nami sitaki uaibike."

"Mimi nakutaka wewe, Milimita."

"Utanipata. Vumilia kidogo."

"Sawa."

Mwanamke akisema "sawa" kwa sauti ile, mwenye akili hujua hakuna lililo sawa. Milimita alikuwa na akili za madirisha tu. Akaaga, akarudi kazini.

Shangazi, mwenye duka la ushonaji, alikuwa akikunja vitambaa, lakini masikio yote yako kwenye simu.

"Anasemaje mkwe wangu?"

"Anaongeza miezi sita."

"Mwanangu, uchumba ukizidi urefu hugeuka udugu."

Mshonaji alitaka kucheka, ikashindikana. Alimkumbuka hata kwa mambo ya kipuuzi: anavyokuna kidevu kabla ya kukata kioo, anavyopuliza chai iliyokwisha kupoa. Juzi mtu alikohoa nje ya duka, akainuka mbio, kumbe mteja. Tangu aondoke alikuwa ameshona magauni kumi na moja ya maharusi, na kila moja aliliweka kifuani mwake mbele ya kioo kabla ya kulikabidhi.

Saa nane simu ikaita tena. Alikuwa mpishi wa shughuli.

"Bibi harusi, nathibitisha tu. Sahani mia tatu, siyo?"

"Mia tatu za nani?"

"Za wageni wenu. Bwana harusi ndiye aliyeniambia."

Akampigia Milimita palepale.

"Kumbe ni sifa! Unaniacha nakauka huku ili ulishe watu mia tatu?"

"Sifa zangu? Si wewe uliyewataka hao mia tatu?"

"Mimi? Niliandika thelathini!"

"Karatasi yetu ya mipango ninayo mfukoni."

"Isome."

Akaifunua. "Dirisha la chumbani, mia na ishirini. Mlango, tisini. Wageni..."

"Milimita?"

"Thelathini." Sauti ilikuwa imekwisha. "Lakini si tulikubaliana?"

Ni kweli walikubaliana. Mshonaji hupima kwa sentimita, fundi kwa milimita, na walishawahi kuharibu pazia la mtu kwa ajili hiyo. Ndipo wakapeana sheria: kila namba atakayoandika mshonaji, fundi aongeze sifuri mwishoni. Siku ya mipango waliandika kila kitu kwenye karatasi moja, vipimo vya nyumba watakayoishi na bajeti ya harusi. Kichwani mwake Milimita akaongeza sifuri kwenye dirisha, akaongeza kwenye mlango, akashuka nayo mpaka kwa wageni.

"Umeongeza sifuri kwa binadamu?"

"Nilishangaa, kweli. Nikasema, huyu ana ndugu wengi."

Mshonaji akaangua kicheko, na katikati ya kicheko akajikuta analia.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utadhani sina uwezo. Na wewe mbona hukuniambia nirudi?"

"Niliogopa utaniona king'ang'anizi."

Kisha mshonaji akauliza taratibu, "Pesa ya wageni thelathini ulikuwa umeipata lini?"

Akamsikia anahesabu kwa kunong'ona.

"Mwezi wa pili tangu niondoke."

"Kwa hiyo sasa hivi tungekuwa na miezi mitatu ya ndoa."

"Ndiyo."

"Umeshasaini?"

"Nimesaini saa saba."

Shangazi aliacha vitambaa, akamshika bega.

"Usikate simu," Milimita akasema. "Nakuomba, usikate."

Zikasikika buti zikiteremka ngazi mbiombio, mlango ukagongwa, ukafunguliwa.

"Bosi, nimekosea vipimo."

"Dirisha gani?"

"Si dirisha. Ni ndoa yangu."

Akaeleza yote, karatasi, sifuri na miezi mitano. Bosi akauliza, "Huyo binti bado anakutaka?"

"Bado namtaka!" mshonaji akapiga kelele kwenye simu. Shangazi akaziba uso kwa aibu.

Karatasi ya mkataba ikasikika ikichanika.

"Nenda kabla sijabadili mawazo," bosi akasema. "Na mimi usinialike, nitaharibu hesabu yenu."

Jioni ile ukaingia ujumbe: *Nimepanda basi. Usilale na huzuni tena kwa ajili yangu.*

Mshonaji akajibu: *Njoo tu.*

Kesho yake asubuhi Milimita alisimama mlangoni pa duka na begi lake. Shangazi akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli sokoni, akatoka bila hata pochi. Wawili wale wakabaki wakitazamana kama watu waliosahau kusalimiana.

"Umekonda," mshonaji akasema.

"Chakula cha kujipikia."

"Suti ya harusi haitakukaa Jumamosi ijayo. Njoo nikupime."

Akachukua futi yake ya kupimia, akaizungusha kifuani mwa Milimita. Mikono ikafika mgongoni, haikurudi. Kichwa kikaegemea shati lenye vumbi la safari.

"Ngapi?" Milimita akauliza.

"Sijasoma."

"Basi soma."

"Sisomi. Tulia hivyohivyo."