Mlango wa Mama Ngosha

"Kemi, nakuomba usivuke leo. Kaa huko Mabatini mjini. Nitakueleza."

Ujumbe wa Masele uliingia nikiwa tayari kwenye kivuko cha Kamanga, nimesimama ubavuni mwa lori la saruji, na Mwanza imeshabaki nyuma. Nikampigia, hakupokea. Nikarudia. Safari hii akapokea, akaongea kwa kunong'ona.

"Uko wapi?"

"Katikati ya ziwa."

"Mungu wangu."

"Masele, una mwanamke huko?"

"Ndiyo. Hapana. Kemi, ukifika rudi na kivuko hicho hicho."

Akakata. Jamani, mchumba wako akikujibu "ndiyo, hapana" kwa pumzi moja, wewe ungerudi? Mimi Kemilembe, Mhaya, muuzaji wa duka la dawa mwenye mdomo wake, sikurudi. 

Nilijua anatoka ukoo wa Bahulilo, watu wa kitemi kule ufukweni mbele ya Kamanga. Hata wakikosa chumvi ndani, bado wanakupokea kana kwamba umekuja kulipa kodi. Kwao kiti hakiendi kwa mtoto, kinaenda kwa mpwa. Mjomba wao, Mtemi Mashimba, alifariki mwanzoni mwa mwaka, na mrithi alikuwa Josephat, kaka yake Masele. Josephat akakikataa kiti mbele ya wazee. Wiki haikuisha, mtumbwi wake ukakutwa unaelea mtupu. Mwili haukupatikana, kwa hiyo wakavisha mgomba sanda, wakauzika. Nililia kwenye kaburi lile. Tangu hapo kijiji kizima kinaamini ziwa linamla anayekataa kiti cha Bahulilo.

Sasa zamu ilikuwa ya Masele. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba kiti kinakuja na mke.

Nilimkuta uani, amekalishwa kwenye ngozi ya ng'ombe katikati ya wazee, kichwa kimenyolewa. Aliponiona akafumba macho. Bibi mmoja akainuka kwenye kigoda. Alikuwa Mhoja, dada wa marehemu mtemi, mama mkubwa wa Masele na Josephat.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiye mwanamke wake wa mjini?"

"Ni mchumba wake. Tunafunga ndoa Desemba."

"Umekuja vizuri. Tulikosa wa kumwogesha mjane."

"Kumwogesha nani?"

"Mama Ngosha, mke wa mtemi. Mwanamke wa mrithi ndiye anayemwogesha. Jua likifika utosini mrithi anaingia naye ndani, mlango unafungwa, sisi tunakaa nje tunasubiri mkeka walioulalia. Mkeka ukitoka, kiti ni chake na mke ni wake. Mwaka mzima hagusi mwanamke mwingine. Baadaye akikutaka, utakuwa mke wa uani, na watoto wako hawahesabiwi."

"Na akikataa?"

"Josephat alikataa."

 Nikamtazama Masele, naye akatazama vidole vya miguu yake. Niliogopa akiingia, na niliogopa akikataa. Akiingia ningempoteza nikimwona, akikataa ningempoteza nikaulilie mgomba mwingine.

Nikabeba ndoo.

Bafu lilikuwa la nyasi, nyuma ya jiko. Mama Ngosha, jina lake Selina, alikuwa msichana tu, pengine nimemzidi umri. 

"Dada, nisamehe," akaninong'oneza.

"Nikusamehe nini? Unamtaka?"

"Masele? Nimempikia uji akiwa anakuja likizo hapa! Simtaki. Na Josephat sikumtaka, wala yeye hakunitaka."

"Josephat ni marehemu, muache apumzike."

Akanishika mkono, kata ikaanguka.

"Josephat yuko Usagara. Anaziba pancha pale njia panda."

Nikaweka ndoo chini.

"Tulimzika!"

"Mlizika mgomba. Mtumbwi niliusukuma mimi mwenyewe. Alisema hawezi kumlalia mke wa mjomba wake, na wazee walishaanza kumtisha. Akaondoka na boti ya wachuuzi wa dagaa, tukauacha mtumbwi uelee. Tulidhani wakimwona amekufa watafunga mlango wangu. Kumbe wakaenda kwa mdogo wake."

"Kwa nini hukusema?"

"Anayemficha mrithi anafukuzwa mikono mitupu, watoto wanabaki. Nina Ngosha na Kashindye, dada. Kashindye bado ananyonya."

"Na wakijua yuko hai?"

"Masele hawezi kuingia. Kwetu mdogo hamruki kaka aliye hai. Huo ni mwiko kuliko hata kukataa kiti."

Ningeweza kutoka mbio nikapiga kelele. Ulimi ulikuwa umeshafika mlangoni. Lakini watoto hawakuwa wangu, nikaumeza. Nikaendelea kumwagia maji huku machozi yananitoka, na yeye yanamtoka, mpaka ndoo ikaisha.

"Wewe ndiye wa kusema," nikamwambia. "Mimi sitakusemea."

 Alijifunga khanga, akashika nguzo ya bafu.

"Simu yako ina chaji?" akauliza.

Jua lilipofika utosini Selina alisimama kizingitini, simu yangu ameificha kwenye khanga. Masele akaletwa mbele yake. Alikuwa anatoka jasho kama mgonjwa wa malaria. Mama mkubwa akauliza kwa sauti:

"Mjane, mlango uko wazi?"

Selina akamtazama mwanawe Ngosha, aliyesimama kando yake.

"Mjane, mlango uko wazi?"

Masele akainua mguu.

"Hauko wazi!" Selina akasema. "Kuna aliyemtangulia, na yuko hai."

Akaitoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa. Ikaita mpaka nikakata tamaa.

"Haloo, fundi pancha hapa."

"Josephat, ni Selina. Wazee wanakusikia."

Tulisikia lori likipita huko alikokuwa. Kisha:

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba baba," Mhoja akajibu kwa mazoea. Halafu kigoda kikapinduka naye. Wazee wawili walishakimbilia kwenye shamba la mihogo, na mmoja aliacha fimbo yake.

"Tumekuzika wewe!" mama mkubwa akapiga yowe akiwa chini.

"Najua. Nilisikia mmechinja lile dume jeusi la ng'ombe msibani kwangu. Asanteni sana."

Mzee mmoja akarudi kutoka mihogoni akimnyooshea Selina kidole. "Huyu amemficha mrithi! Afukuzwe leo leo!"

Selina akapiga magoti, akamkumbatia Ngosha. 

"Baba," Josephat akasema kwenye simu, "mrithi mlishamzika. Aliyefichwa ni marehemu. Adhabu ya kumficha marehemu ni ipi?"

Wakatazamana. Ilionekana hakuna aliyewahi kuulizwa jambo hilo. Walibishana mpaka sauti zikakauka: aliyezikwa hawezi kukalia kiti, na aliye hai harukwi. Mwisho mama mkubwa akakung'uta vumbi.

"Kiti nitakishika mimi. Mama Ngosha abaki na watoto wake. Mlango ufungwe."

Jioni, mimi na Masele tulikaa Kamanga tukisubiri kivuko.

"Nikuulize, usinidanganye."

"Uliza."

"Ulishainua mguu. Selina asingesema, ungeingia?"

Alijipapasa kichwa kilichonyolewa.

"Ningeingia. Niliogopa kufa, Kemi."

Iliniuma, jamani. Nilivuka nimekaa mbali naye, pete naizungusha kidoleni, mara naivua, mara nairudisha. Lakini angeweza kunidanganya, na ningemwamini. Taa za Mwanza zilipokaribia nikamfuata.

"Desemba iko pale pale. Ila siku nyingine ukiogopa, niambie. Usiniache nikaambiwe na wengine uani."

Akalia mbele za abiria, wala hakujifuta.

Tulifunga ndoa kanisani. Mama mkubwa Mhoja alikuja na ng'ombe mtamba mzuri, akacheza kuliko wote, akanikumbatia kwa nguvu. Kisha akaniwekea mdomo sikioni:

"Mkwe wangu, siku Josephat akifa kweli, mlango unafunguliwa."

Akarudi kucheza.

Sasa kila Ijumaa nampigia shemeji yangu Usagara. Umekula? Umepima presha? Unavaa helmeti kwenye bodaboda? Anacheka, anasema, "Shemeji, unanipenda kuliko mama aliyenizaa." Juzi alikohoa kwenye simu, mara mbili tu. Nikafunga duka nikiwa na wateja ndani, nikapanda gari la Usagara na dawa zote za kifua nilizokuwa nazo.