Mpini Mpya wa Kisu cha Nicanor

Pini za shaba zilikuwa zimeinuka. Belarmino alizipitishia kidole gumba, akaguna. Jana alizigonga mwenyewe kwa nyundo ndogo, akazisawazisha kwa tupa na msasa hata ukucha haukwami. Leo zote zimejitokeza, utadhani kitu kimezisukuma kutoka ndani. Fundi huyu alishavitia mipini visu vya kijiji kizima na hajawahi kurudishiwa kazi. Akakibana kisu kwenye jiliwa, akagonga upya.

Kisu chenyewe kilikuwa cha kukunja, cha zamani, mali ya Nicanor. Nicanor ni baba wa ubatizo wa binti wa Belarmino, na huku kwetu Minas hilo si jambo la mchezo. Mkishaitana kompadre mmekuwa ndugu, hata kutukanana ni dhambi. Alikileta chuma kitupu, bila mpini.

"Mpini wa zamani uko wapi, kompadre?"

"Ulipasuka. Nimeuchoma."

"Si ungeniletea nikaupima?"

"Wewe nawe na vipimo vyako! Fundi gani hajui mkono wa kompadre wake?" Nicanor akacheka, akanywa kahawa upesi mpaka ikamchoma ulimi, akaondoka bila kugusa keki ya mahindi. Nicanor huyo, ambaye keki haimpiti!

Belarmino akatafuta mbao, na hapo ndipo alipokosea, Mungu amrehemu, kosa la mafundi wa mipini peke yao. Mdogo wake, Osvino, mvuta tumbaku mwenye tabasamu la upande mmoja, aliuawa kwa kisu zamani. Maiti ilikutwa imekwama kivukoni, imeletwa na mto, na muuaji hakujulikana. Familia ikasimamisha pale msalaba wa aroeira, mti ambao hata mchwa huukimbia. Mwaka jana wakaweka msalaba wa saruji, na ule wa zamani ulipaswa kuachwa uoze palepale. Lakini aroeira iliyokaushwa na jua miaka yote ile! Mkono wa fundi ulimwasha. Akaukata vipande, akavificha darini, hata mkewe Zulmira hakumwambia. Sasa akachagua kipande kizuri kuliko vyote, akakipasua vibao viwili, akavifunga ubavuni mwa kisu cha kompadre.

Zulmira ndiye aliyeanza kunusa.

"Nani anavuta tumbaku humu ndani?"

"Hakuna mtu."

"Basi pua yangu ina wazimu. Tumbaku, tena na tope la mto."

Mchana uliofuata, kijiji kimelala kwa joto, akasikia kwenye karakana kwaru, kwaru, kwaru, sauti ya mtu anayekatia tumbaku kiganjani. Alipochungulia alimkuta mumewe amekaa peke yake, mikono mapajani, na kisu kiko mezani kimejifungua.

"Kifunge," alinong'ona.

"Nimeshakifunga mara nyingi leo, mke wangu. Nikigeuka kinafunguka. Na nikikishika, Zulmira, hakikai mkononi kama kisu cha mtu mwingine. Kinanivuta kuelekea kwa Nicanor."

"Nicanor amefanya nini?"

Belarmino akakikunja kisu tena. Shaka ilishaingia, na shaka ikishaingia nyumbani haihitaji kiti. Kwa nini mpini uchomwe? Kulikuwa na nini kwenye mpini ule, damu? Zulmira aliyaona maswali hayo usoni mwa mumewe, akaogopa zaidi kuliko alivyoogopa kisu, kwa sababu kesho Nicanor angekuja kuchukua kazi yake, na kama hana hatia mume wake atakuwa amemuua ndugu wa ubatizo, na kama ana hatia mume wake ataoza gerezani vilevile, na yeye Zulmira atabaki na mtoto na jina chafu, huku kitu kile mezani, ambacho sasa alikisikia kikipumua polepole ndani ya mbao, kitakuwa kimeshiba.

Alfajiri akakimbilia kwa Bi Ercília, mwombeaji wetu, ajuza mwenye ulimi mkali. Bibi alikuja na majani machungu ya arruda, akanusa mpini, akamkazia macho fundi.

"Mbao umeitoa wapi, mwizi wewe?"

Belarmino akasema yote, kichwa chini.

"Yesu na Maria! Umemtoa marehemu kwenye msalaba wake ukampa kisu! Leta koleo."

Nicanor alifika wakati huohuo, akaisikia habari ya msalaba. Alipomwona bibi akasimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuna aliyemkaribisha. Bi Ercília alisali kwa sauti ya chini, akizungusha majani juu ya chuma, na majani yakanyauka mkononi mwake. Fundi akang'oa pini moja moja, na kila pini ilipotoka kuta zilitoa mguno wa mtu aliyepigwa tumboni. Pini ya mwisho ilipotoka, vibao vikaanguka. Bibi akavifunga kitambaani. Hewa ikawa nyepesi, kuku wakaanza kuparua nje.

"Kwisha," alisema bibi. "Vikazikwe leo. Rudisheni kivukoni."

"Nipeni mimi nikavizike," Nicanor akadakia, jasho likimtiririka kwa furaha ya kunusurika. "Lakini si kivukoni, bibi. Hatatulia pale. Tumzike kule juu, chini ya ule mti mkubwa wa jatoba, alipoangukia."

Belarmino akainua kichwa. Osvino aliletwa na mto. Kijiji kizima, polisi, hata mama yake aliyekufa akiuliza, hakuna aliyewahi kujua alianguka wapi.

Nicanor aliyasikia maneno yake mwenyewe, akajiziba mdomo kwa kofia.

Zulmira akaukamata mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa baridi na umelowa, na vidole vilikuwa vikijikunja taratibu kushika mpini ambao haukuwepo tena. Akavifungua kwa nguvu. Vikajikunja tena. Akamtazama usoni Belarmino, naye alikuwa akimtabasamia Nicanor kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la Osvino lile, ambalo mumewe katika maisha yake hakuwahi kuwa nalo.

"Bibi," Zulmira alinong'ona, "hajatoka."