Risasi ya Njiani

Jumatano, alasiri

Bunduki mbili zililala mezani, kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya kuziba pancha. Wanaume watatu walizitazama kama wazee wanaochagua mkwe.

Ya kwanza ilikuwa nzito, ya kuangusha nyati. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya kuwindia sungura na kanga, na risasi yake haikuizidi sana punje ya hindi.

"Hii kubwa inakula pesa," alisema Tajiri. "Risasi yake moja ni bei ya boksi zima la hii ndogo."

Tajiri alikuwa mkuu wao. Jina hilo lilikuwa kejeli, maana alikuwa mkono wa birika, mtu wa kupasua njiti ya kiberiti ili iwake mara mbili. Lakini mbele yake hakuna aliyecheka. Alikuwa amemwoa dada yake Jicho, na Jicho alikwisha kuziona alama kwenye shingo ya dada yake.

Jicho aliishi kwa kuwinda. Aliiinua ile ndogo, akavuta komeo, akauchungulia mtutu kwenye mwanga wa dirisha. Akasema inatosha. Kazi yenyewe ilikuwa tairi moja tu. Ijumaa gari la sonara lingepita kwenye kona ya machimbo ya kokoto, mahali ambapo kila gari hutambaa. Jicho angelitoboa tairi la mbele kutoka juu ya lundo la mawe, na mashine za kokoto zingeumeza mlio usifike mbali. Dereva angesimama na kuinua mikono. Tajiri angechukua mkoba wa dhahabu, kisha Pancha, mwenye karakana, angewatorosha.

Dereva huyo alikuwa mdogo wake Jicho, tumbo moja. Aliwapa siri ya njia kwa ahadi moja: hakuna atakayeguswa. Aliyempa ahadi hiyo ni Jicho mwenyewe.

"Nina sharti," alisema Jicho. "Risasi za kupimia bunduki ziwe zilezile za siku ya kazi. Kila risasi ina tabia yake. Nikipima kwa hii nikapiga kwa ile, itaenda inakotaka yenyewe."

"Shemeji, risasi ni risasi. Au hao sungura wako huuliza bei kabla ya kufa?"

Pancha alicheka peke yake. Kicheko kikamfia mdomoni.

Alhamisi, asubuhi

Bondeni, Tajiri alimhesabia risasi tano za bei ya chee, moja moja kiganjani, kama vidonge vya mgonjwa. Kisha akarudi garini kupiga simu.

Jicho alipiga nne. Zote nne ziliingia kwenye kopo moja. Ya tano akaitia kwenye mfuko wa shati.

Hayo yalikuwa malezi. Marehemu baba yao aliwafundisha yeye na mdogo wake kwamba mwindaji harudi nyumbani na bunduki tupu. Risasi ya mwisho si ya mnyama, ni ya njiani. Hujui nani anakungoja kwenye mapito.

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi

Juu ya lundo la mawe, Tajiri alifungua ngumi. Risasi mbili, ganda limeng'aa, ncha yake rangi ya shaba.

"Hizi ndizo za maana," alisema. "Zina kasi kuliko zile. Nilibana jana ili leo tule vizuri."

Jicho alizipokea, akazigeuza kiganjani. "Nilikuomba kitu kimoja tu."

"Nikakupa kilicho bora. Mbili. Ukitaka ya tatu, nakata kwenye fungu lako."

Akateremka kwenda kujificha kando ya barabara.

Jicho aligusa mfuko wa shati. Ile ya jana ilikuwepo, na bunduki iliijua. Vidole vyake vilikaa hapo kidogo. Kisha akaiacha. Hiyo ilikuwa ya njiani.

Saa tatu kamili

Gari la sonara liliingia konani likitambaa. Jicho alijua risasi yenye kasi hupanda, akalenga chini ya tairi. Kiasi gani chini? Alikisia. Vumbi likaruka mbele ya gurudumu.

Akainua mtutu unywele mmoja. Akapiga.

Tairi halikupasuka. Gari liliyumba, likagonga jiwe, gurudumu likapinda, injini ikanyamaza. Kwenye mlango wa dereva palikuwa na tundu, dogo kama jicho la panya. Mlango ukafunguka na mdogo wake akaanguka nje, amelishika tumbo kwa mikono yote miwili kama abebaye maji.

Tajiri alikuwa ameshautwaa mkoba. Pancha, akiwa kwenye usukani wa gari lao, alimsihi wampakie kijana.

"Majeruhi hupelekwa hospitali," alisema Tajiri, "na hospitali huuliza maswali." Akachomoa bastola kiunoni.

"Shemeji," aliita Jicho kutoka juu. "Mwache."

Tajiri hakugeuka. "Umeshika chuma kitupu. Nilikupa mbili, nimezisikia mbili."

Jicho akatia mkono kwenye mfuko wa shati, kisha akavuta komeo. Safari hii hakukisia.

Ile ya bei ya chee ilikwenda pale pale alipotazama.

Pancha aliondoka mlango wa gari ukipigapiga hewani. Mashine za kokoto zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mkoba ulibaki vumbini, karibu na kiganja cha Tajiri kilichofunguka kwa mara ya kwanza bila kuhesabu.

Jicho aliitupa bunduki, akambeba mdogo wake mgongoni. Damu ilikuwa ya moto, ikimlowesha kiunoni. Kwa mbali king'ora kilianza kulia.

"Ulisema tairi, kaka."

"Nilisema."

Jicho alimpandisha vizuri mgongoni.

"Ile ya tatu. Ndiyo ya njiani?"

"Ndiyo."

Pumzi ya mdogo wake ilikuja fupi, sikioni.

"Ungeanza nayo."

Jicho aliendelea kutembea kukifuata king'ora, maana waliokuwa wanakuja kumfunga ndio pekee waliokuwa na gari.