Tumbo la Zornitsa Siku ya Mtihani

Septemba ikifika, mtaa wa Bibi Tsona wote hunukia pilipili hoho za kuchoma. Kila baraza la ghorofa lina moshi wake. Watu huchoma, humenya, hujaza chupa, kisha huikaribisha baridi kwa kiburi.

Zamani Tsona alimenya na binti yake Pavlina, wakiimba na kugombania kisu kikali. Sasa Pavlina yuko Uhispania, anatunza wazee. Aliyebaki na Tsona ni Zornitsa, mtoto wa Pavlina, msichana wa miaka kumi na mitatu, darasa la saba.

Zornitsa alikuwa mcheshi. Mwaka huu amekuwa kimya. Tena kila siku ya mtihani wa hisabati, tumbo linamuuma.

"Umekula nini?" Tsona humuuliza.

"Sijala kitu."

"Basi ndiyo hiyo! Kula!"

Alimpa chai ya mnanaa. Alimpa mtindi. Tumbo likakataa vyote. Alama zikashuka mpaka mbili. Kwao, mbili ni kufeli, na ya juu kabisa ni sita. Mwisho wa mwaka kuna mtihani mkubwa wa darasa la saba. Ukianguka huo, shule nzuri ya sekondari utaisikia kwa wenzako.

Tsona akaamua kutumia dawa ya wazee. Asubuhi ya mtihani uliofuata aliweka mlangoni ndoo ya shaba, imejaa maji, na tawi lenye maua ndani yake. Mtoto akitoka huipiga teke. Maji yakitiririka, na mambo yake yatatiririka vilevile. Tsona akawaita majirani wa ngazi nzima washuhudie. Akampigia na Pavlina simu ya video, naye aone.

"Teke, mjukuu wangu! Piga kama punda wa babu yako!"

Zornitsa akawatazama wote. Akapiga teke. Maji yakashuka ngazi. Naye akaketi palepale kwenye maji, akalia kwa kwikwi.

"Siendi! Leo siendi, kesho siendi. Siendi tena!"

Evdokia, jirani wa ghorofa ya juu, alikuwa anashuka kwenda kazini. Yeye ni mshauri wa wanafunzi katika shule nyingine. Alikanyaga maji hayo, yakamwingia mpaka kwenye soksi.

"Asante kwa baraka, Bibi Tsona," alisema. "Sasa waage wageni wako. Hapa hakuna arusi."

Zornitsa akajifungia chumbani. Tsona na Evdokia wakaingia jikoni.

"Uvivu tu huo," Tsona akasema. "Anaigiza."

"Haigizi. Hofu huumiza tumbo kwelikweli. Likimuuma hata siku zisizo na mtihani, mpeleke kwa daktari. Lakini hebu niambie, umemuuliza kinachomsumbua?"

"Namuuliza kila siku! Akifika tu mlangoni: umepata ngapi?"

"Hilo ni swali la mwenye mizani sokoni, bibi. Muulize kipi kigumu. Halafu nyamaza."

"Ninyamaze? Mimi?"

"Jaribu. Hutakufa." Evdokia akavua soksi, akazikamua. "Na usimkazie macho. Kaeni mfanye kazi ya mikono. Watoto wa umri huu husema zaidi wasipotazamwa. Kisha nenda kwa mwalimu wake, umweleze. Na asome kidogo kidogo kila siku, pamoja na wenzake. Asirundike yote siku ya mwisho."

Tsona akakumbuka tumbaku. Utotoni, kabla jua halijatoka, yeye na dada zake walikaa chini wakitunga majani ya tumbaku kwenye uzi. Vidole vilinata utomvu. Dada mkubwa aliuliza, saba mara nane? Aliyekosa alichekwa, kisha akafundishwa. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, maana kila mtu alitazama sindano yake. Ndiyo hesabu pekee aliyowahi kuipenda.

Alasiri akamwaga pilipili mezani. "Zornitsa, njoo unisaidie. Mkono unaniuma."

Uongo mtupu. Mkono ulikuwa mzima.

"Hisabati," Tsona akasema akimenya, "kipi kigumu?" Kisha akauma ulimi. Beseni zima likaisha bila neno. Alidhani atapasuka.

"Bibi."

"Mm."

"Asilimia sizielewi tangu mwaka jana. Naona haya kuuliza." Akachukua pilipili nyingine. "Na mama anawaogesha wazee wa watu ili mimi nisome. Nikipata mbili, anawaogesha bure."

Kisu cha Tsona kikasimama. "Mama yako alikwenda kwa sababu huku kazi hakuna. Mzigo huo ni wetu wakubwa, si wako. Leo mwambie hayo hayo."

Jioni Zornitsa akamwambia mama yake kwa simu. Pavlina alilia, kisha akacheka. "Mimi mbili nilizipata tele, mwanangu! Muulize bibi yako alivyonikimbiza na mwiko."

Tsona akajifanya hasikii.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu. Mwalimu akampangia Zornitsa mtihani wa marudio, akamtia katika kikundi cha masomo ya alasiri. Wenzake wawili wakazoea kuja mezani kwa Tsona. Walimenya, walikula zaidi ya walichomenya, na walisoma.

"Nifundisheni hiyo asilimia," Tsona aliwaambia. "Kichwa changu ni boga."

Zornitsa akamweleza mara moja. Akamweleza tena kwa pilipili. Mara ya tatu akajikuta anaelewa mwenyewe.

Asubuhi ya mtihani wa marudio alisimama mlangoni. "Bibi, naogopa."

"Sana?"

"Kidogo."

"Haya, nenda nacho hicho kidogo."

Akaenda.

Matokeo yalipotoka, Zornitsa aliyatangaza tangu chini ya ngazi. "Nne! Bibi, nne! Swali la mwisho lilinishinda, lakini mwalimu atanionyesha!"

Tsona alikuwa ameinamia sufuria ya maharagwe. Hakuinua uso. Machozi yalikuwa karibu, na supu ilikwishatiwa chumvi.